Sifa zote kwa mlipuko, na gesi je?

Kila posti ya mambo ya anga ni ile ile: nyota imekufa, bum, emoji ya moto, tumemaliza. Wasee, mnashangilia mchezaji asiye yeye.

Mlipuko wa miale ya gama huisha haraka. Sekunde chache, ukijikaza sana dakika kadhaa. Kinachobaki ni mwanga wa eksirei na redio unaofifia kwa siku, hata miezi, na huo hautoki kwa nyota. Unatoka pale vitu vilivyorushwa karibu na kasi ya mwanga vinapogonga gesi iliyokuwa imejikalia tu huko nje. Elektroni zinapigwa shoti, zinazunguka kwenye uga wa sumaku, zinawaka.

Hebu kimbia barabarani saa nane usiku. Nani atajua umepita? Sasa kimbia hivyo hivyo Gikomba asubuhi. Kila kibanda kitakusema, na hutafika mbali. Gesi nzito ndiyo Gikomba: inapunguza kasi mapema na kelele inakuwa nyingi. Gesi nyepesi, mwanga unakuwa hafifu. Na nyota kubwa hujitengenezea Gikomba yake, kwa sababu kabla ya kufa hupuliza upepo mwingi unaoizunguka.

Agosti 2017 nyota mbili za nyutroni ziligongana, miaka ya mwanga kama milioni 130 kutoka hapa. Gesi ya pale ni kidogo sana, na mshale wa mlipuko haukuwa umetulenga. Eksirei zilionekana siku 9 baadaye, halafu zikazidi kung'aa kwa miezi. Miezi!

Sasa hii ndiyo inaniuma. Mwanga wa aina hii ulinaswa mara ya kwanza Februari 28, 1997, na setilaiti ya BeppoSAX. Data yake ilikuwa inashukia wapi? Malindi. Malindi hii yetu. Nimesoma fizikia hadi fomu foo, nikaingia chuo, nikatoka kabla ya kumaliza, na hakuna mwalimu aliyewahi kutaja. Malindi kwetu ni bichi na samaki tu.

Najua kuna mtu atakuja kwa komenti kusema bila mlipuko gesi ni giza. Sawa, buda. Lakini bila gesi wangebaki na mmweko wa sekunde chache, wakibishana kama umetoka karibu au mbali. Walibishana hivyo zaidi ya miaka 20, hadi huo mwanga wa 1997 ukawaonyesha pa kuelekeza darubini.