Silaha Ndani ya Chombo cha Habari

Siku ya 17 Septemba 2024, huko Lebanoni, vyombo vidogo vya kupokea ujumbe, walivyogawiwa watu wa Hezbollah, vililia kama desturi, kisha vikalipuka. Kesho yake zikalipuka redio za mkononi. Baruti ilikuwa imetiwa ndani kwa siri. Watu zaidi ya 30 walikufa, watoto wakiwamo, maelfu walijeruhiwa. Mwezi wa Novemba waziri mkuu wa Israeli, Benjamin Netanyahu, alikiri kwamba aliidhinisha shambulio la vyombo vile.

Wako wasemao: waliolengwa ni askari. Sisi twauliza: nani aliuona kila mkono ulioshika chombo? Mapatano ya mataifa ya mwaka 1996 yakataza kutumia vitu vya mkononi vionekanavyo havina madhara, kumbe vimetengenezwa makusudi vifiche baruti. Mtoto ampelekeaye baba yake chombo kinacholia hana vita na mtu.