Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Mashtaka: Kibali Kitangulie

Ndugu Mkurugenzi wa Mashtaka,

Nakuandikia kutoka Katesh, chini ya Mlima Hanang. Samaki wabichi tunaowajua huku ni wa Ziwa Basotu. Lakini bahari ya Tanzania ni yetu pia, sisi wa Hanang na ndugu zetu wa Mbulu, ndiyo maana kesi ya meli ya Tawariq 1 bado inatuuma.

Meli ile ilikamatwa kwa tuhuma za uvuvi haramu Machi 2009 katika ukanda wetu wa uchumi wa bahari, ikiwa na karibu tani 300 za samaki. Wananchi wakawaita "samaki wa Magufuli", kwa jina la aliyekuwa Waziri wa Mifugo na Maendeleo ya Uvuvi. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ikawatia hatiani raia wawili wa kigeni. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikawafutia hukumu. Haikusema kwamba hawakuvua. Kilichokosekana ni kibali cha ofisi yako. Kifungu cha 94 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kilitaka mgeni anayetuhumiwa kwa kosa lililotendeka baharini, ndani ya maili 200 za baharini kutoka pwani yetu, asishtakiwe bila ridhaa na hati ya Mkurugenzi wa Mashtaka.

Hapa kwenye mnada wetu wa mifugo, ng'ombe mmoja akipakiwa kwenye lori bila kibali, mwenyewe anazuiwa njiani. Vipi kesi nzito kiasi kile ilifika hadi hukumu?

Sharti hilo la kibali chako lina sababu. Ndani ya maili 12 bahari ni nchi yetu kamili. Kutoka hapo hadi maili 200 tuna haki juu ya samaki, lakini meli ina bendera ya nchi nyingine. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 unataka meli na mabaharia waachiwe haraka wakiweka dhamana ya kutosha, na unakataza kifungo kwa uvuvi haramu katika ukanda huo pasipo makubaliano na nchi yao. Nguvu yetu basi iko kwenye faini nzito, na faini hailipwi kesi ikibatilishwa.

Ninaomba mwendesha mashtaka asimpeleke mgeni anayetuhumiwa kwa kosa la baharini kizimbani kabla hati yako haijawa mkononi mwake. Na siku hiyo hiyo ofisi yako iwatangazie wananchi kwamba imetolewa, na lini.

Mwananchi wa Katesh, Hanang