Fundi Akishaweka Seva, Nani Anaisasisha?

Unapokea malipo ya simu kwenye tovuti yako? Basi fundi pengine alikuwekea Tomcat kwenye Linux: akapakua faili, akaifungua ndani ya /opt, akaiwasha, ukamlipa, akaenda zake.

Sisi tunaona hapo ndipo kazi inaanza. Tomcat iliyowekwa kwa mkono haisasishwi pamoja na Linux. Mwaka 2020, udhaifu ulioitwa Ghostcat ulimwezesha mtu wa nje kupitia poti 8009 kusoma faili za mipangilio, hata zenye manenosiri. Toleo jipya liliziba pengo hilo, lakini kwa aliyesasisha tu.

Kwa hivyo usikubali kuambiwa "iko sawa, boss." Muulize fundi: nani atasasisha, na lini? Je, inaendeshwa na root? Mkikubaliana, ndio umlipe.