Hidden Brain Haijui Njia ya Sotik

Kila muhula ukianza, kuna orodha inazungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp ya wanafunzi wa saikolojia. Podikasti za lazima, ati. Hidden Brain ya Shankar Vedantam iko juu, The Psychology Podcast ya Scott Barry Kaufman inafuata, kisha All in the Mind ya BBC kwa wale wapenda lafudhi ya Uingereza. Mimi pia nazisikiliza ndani ya matatu nikitoka Sotik kwenda Kericho, bando likiruhusu. Ni kazi safi. Vedantam anajua kukaa na mgeni wake mpaka jambo gumu linageuka stori. Sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na hilo neno "lazima".

Hebu tuchukue suala la watoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Wamarekani wawili, Charles Super na Sara Harkness, waliishi na kufanya utafiti katika jamii ya Wakipsigis waliyoiita Kokwet, kwenye Wilaya ya Kericho ya enzi hizo, kabla Bomet haijatengwa. Super aliona watoto wa huko wakiketi na kutembea mapema kuliko wa Marekani. Wengine wangesema ni damu ya Kiafrika, basi, mjadala umekwisha. Yeye akatazama akina mama. Kumbe walikuwa wanafundisha! Mtoto alikalishwa kwenye kishimo kidogo, akaegemezwa kwa blanketi, kila siku, mpaka mgongo ukashika. Yale ambayo hayakufundishwa, kama kutambaa, hayakuwahi.

Kuna jambo lingine walilokuta, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Mtu mzima mgeni akimsimulia mtoto hadithi na kumwomba airudie, watoto wengi walinyamaza tu. Mwaka wa 1977 Harkness na Super waliandika makala nzima kueleza kwa nini. Mtoto aliyelelewa kusikiliza wakubwa na kutekeleza anachotumwa haoni adabu yoyote katika kumpigia porojo mtu asiyemjua. Na wazazi wenyewe walikuwa na neno lao la werevu, ng'om, wakitofautisha werevu wa shuleni na ule wa nyumbani. Wa nyumbani ni wa yule mtoto anayeona kazi inahitaji kufanywa, akaifanya bila kuambiwa.

Sasa niambie, ni mwanafunzi gani wa saikolojia hapa kwetu anayejua hayo kabla ya kujua jaribio la peremende la Walter Mischel kule Stanford? Hilo la peremende utalisikia kwenye podikasti mara kumi.

Si suala la fahari ya kabila. Kwenye kituo kimoja cha afya nilimwona mwanafunzi mwenzangu akimhoji msichana wa darasa la tano. Kwa Kiingereza. Unajisikiaje? Msichana akainamisha kichwa, akatazama viatu vyake. Kwenye fomu pakaandikwa: hashirikiani. Fomu ile inatangulia mbele ya mtoto popote aendapo, na hakuna kipindi cha Hidden Brain kitakachoifuta.

Utaniambia ubongo ni ubongo, uwe Boston au Kaplong. Sawa. Lakini Joseph Henrich na wenzake wawili walionyesha mwaka wa 2010 kwamba sehemu kubwa ya utafiti wa saikolojia umefanywa kwa watu wa nchi tajiri za Magharibi, wengi wao wanafunzi wa chuo, na kwamba mara nyingi watu hao ndio wa ajabu wakilinganishwa na sisi wengine. Wee unamsikiliza mtu wa ajabu kwa iafoni, halafu unampima jirani yako kwa kipimo chake.

Na kuna mambo ambayo hayamo kabisa. Mei 2023 mashine za kuchuna chai zilichomwa Kericho. Nimesikia vipindi vingi kuhusu uchovu wa kazi, vyote vya watu wa ofisini. Cha mchunaji aliyezoea kujihesabu kwa kilo, kisha mashine ikaja, sijakipata.

Basi tusikilize nini? Vipindi vya kupiga simu vya Kass FM na Chamgei FM, kwanza. Huko watu wanaeleza uchungu kwa maneno yao, na mshauri asiyeyajua maneno hayo atamshauri nani? Pili, turekodi wenyewe. Si wagonjwa, tafadhali. Sotik ni ndogo; badilisha jina la mtu utakavyo, sokoni sauti yake itajulikana kabla ya saa nne. Turekodi kina kogo. Simu moja na chumba chenye godoro ukutani vinatosha.

Kipindi cha kwanza ninakitaka kiwe juu ya kishimo na blanketi. Kogo aongee Kipsigis, mwanafunzi afasiri kwa Kiswahili, na asimkatize.