Mbele ya kukataza mikono, mulete maji

Kwenye ukuta wa kantini za mine tunaona karatasi: «Musishike uso.» Maneno mazuri. Lakini sisi wa sendika tunauliza: ni mutu gani ataweza?

Mwaka 2015, kule Australia, batafiti walitoa matokeo ya kuchunguza banafunzi 26 wa udaktari wakiwa darasani. Kwa wastani, kila mumoja alishika uso mara 23 kwa saa moja, na karibu nusu ya mara hizo ilikuwa kinywa, puwa ao macho. Hao wanajifunza mambo ya mikrobe, wamekaa kwenye kiti, vumbi hakuna. Sasa sisi wa karieri, jasho linaingia machoni, maski inawasha, vumbi inajaa puani: tutafanya namna gani?

Kushika uso si ujinga. Mukono unajiendea wenyewe, mutu hata hajui. Na mikrobe haina miguu: inatoka kwenye usukani wa kamyo, kwenye ngazi, kwenye nyundo tunayopashana, inapanda mukononi, mukono unaipeleka puani. Njo vile mafua inazunguka poste nzima. Kolera nayo, ile tunayoijua Bukama na Kalemie, inapita kinywani, kwa maji na chakula vichafu, na kwa mikono michafu.

Basi, kama hatuwezi kufunga mukono, tuusafishe. Maji na sabuni, sekunde 40 mpaka 60, kisha mukono ukauke. Chupa ya alkoli wanayotuletea haitoshi: kwenye mukono wenye udongo na mafuta haifanyi kazi vizuri.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Robine na sabuni vikuwe karibu na shimo, si kwenye biro tu. Dakika za kunawa zihesabiwe kama saa za kazi. Na batumishi wa sutretansi wanawe pale pale na bengine, maana mikrobe haiulizi kontra. Sheria ya Kazi ya 2002 inataka komite ya usafi na usalama: ninyi badelege, mulete jambo hili kwenye meza yake.

Na sisi wenyewe, bandugu: tutoe ganti na tunawe mbele ya kula na mbele ya sigara. Jasho tulipanguse na kitambaa safi, si na vidole. Lakini patro naye ajue: karatasi ya ukutani haijanawisha mutu hata siku moja.