Wapanda Farasi wa Polandi na Familia Zao Nchini Uganda

Katika Ankole ya zamani mkuki ulikuwa silaha ya heshima. Omugabe, ambaye makao yake yalikuja kujengwa juu ya kilima cha Kamukuzi mjini Mbarara, alikuwa na vikosi vilivyoitwa emitwe, na mashujaa wake walipigana kwa miguu. Farasi hakuwapo, kwa kuwa mbung'o na maradhi mengine humwua upesi katika sehemu nyingi za Afrika. Huko Ulaya mkuki na farasi vilikutana, na miongoni mwa waliosifika zaidi kwa kuvitumia pamoja ni Wapolandi.

Askari hao waliitwa ulani, jina lililotokana na neno la Kituruki lenye maana ya kijana. Hawakuvaa deraya nzito. Kazi yao ilikuwa kupeleleza, kumfukuza adui anayekimbia, na kushambulia ghafla. Tarehe 30 Novemba 1808, huko Somosierra nchini Hispania, kikosi kidogo cha Wapolandi waliomtumikia Napoleon kilipanda njia nyembamba ya mlimani mbele ya vinywa vya mizinga, kikafungua njia ya kwenda Madrid. Siku ile walitumia panga. Mikuki walipewa mwaka 1809. Sifa zao zilienea hata Waingereza, baada ya vita vya Waterloo vya mwaka 1815, wakaunda vikosi vyao vya mikuki na kuiga kofia ya Kipolandi yenye pembe nne.

Husimuliwa mara nyingi kwamba mwaka 1939 Wapolandi walivishambulia vifaru vya Wajerumani kwa mikuki. Habari hiyo si kweli. Tarehe 1 Septemba, huko Krojanty, Kanali Kazimierz Mastalerz aliwaamuru ulani wake kushambulia, panga mkononi, dhidi ya askari wa miguu. Magari ya deraya yakatokea na kuwafyatulia risasi. Kanali akauawa pamoja na baadhi ya askari wake. Siku iyo hiyo, huko Mokra, wenzao walishuka farasini, wakavizuia vifaru kwa mizinga na bunduki. Farasi alikuwa chombo cha safari tu.

Baadaye, majeshi ya Urusi ya Kisovieti yalipoitwaa Polandi ya mashariki, familia nyingi zilihamishwa kwa nguvu hadi Siberia na Kazakhstan. Mwaka 1942 jeshi la Jenerali Władysław Anders lilitoka huko kupitia Iran. Wanawake, watoto na wazee hawakuweza kufuatana nalo vitani. Maelfu yao waliletwa Afrika ya Mashariki: Tengeru karibu na Arusha, na hapa Uganda, Koja kando ya Ziwa Victoria na Nyabyeya huko Masindi. Walifungua shule, wakalima, wakajenga kanisa ambalo lingali limesimama Nyabyeya.

Tarehe 18 Mei 1944 doria ya kikosi cha 12 cha ulani ilipandisha bendera juu ya magofu ya Monte Cassino, nchini Italia. Farasi walikuwa wamekwisha achwa. Jina na heshima vilibaki. Lakini katika mkutano wa Yalta wa mwaka 1945 mataifa makubwa yalikubali nchi ya mashariki ibaki mikononi mwa Wasovieti. Wengi wa washindi hao wakakosa nyumba ya kurudia, na familia zao zikatoka Uganda kwenda Uingereza, Kanada na Australia.

Wakazi wa Mbarara huwaona Nakivale, kambi iliyoanzishwa mwaka 1958, watu wenye mkasa kama huo. Askari au polisi anayelinda njia ya huko na akumbuke kwamba mkimbizi aliye mbele yake aweza kuwa mke au mtoto wa askari mwenziwe. Na mama wa nyumbani na atambue kwamba wanawake wa Nyabyeya hawakushika mkuki, lakini ndio waliohifadhi lugha na elimu ya watoto wao. Bila wao, wanaume waliopigana wasingekuwa na wa kuwarithi.