Mzee Anayetetemeka Hakurogwa

Ndugu Mhariri,

Hapa Ujiji mzee akianza kutetemeka mkono, kuburuta miguu na kukakamaa uso, husemwa karogwa. Wanafunzi nao humcheka. Huenda ubongo wake umepungukiwa na dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe wa kuongoza mwendo. Huo ni ugonjwa wa Parkinson, uliompata hata bondia Muhammad Ali. Utafiti wa wilayani Hai, uliochapishwa 2008, uliwakuta wagonjwa 33. Wengi walikuwa hawajatambuliwa kabla. Dawa ya levodopa haiponyeshi, lakini humpunguzia mgonjwa ukakamavu. Tuwapeleke wazee hospitali, si kwa mganga. Na Serikali ihakikishe dawa hiyo inapatikana hadi wilayani.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Ujiji, Kigoma.